Isidore Bakanja, Mnyenyekevu Aliyekataa



Katika mikutano ya vikundi vyetu, kila mara somo la unyenyekevu linapoletwa, hutokea kijana mmoja anayeuliza swali ambalo wakubwa hawalipendi. Anauliza: je, unyenyekevu huu si ule tuliofundishwa na wakoloni ili tuinamishe vichwa? Babu zetu waliambiwa wawe wapole huku mpira wao ukibebwa na migongo yao ikichapwa. Hata leo, mwenye nguvu akitaka kumnyamazisha mdogo, humwambia awe mnyenyekevu. Swali hilo ni la haki. Halijibiwi kwa kumkemea aliyeuliza, wala kwa kumrundikia mistari ya Biblia mpaka achoke. Ni afadhali kulijibu kwa historia, na historia hiyo iwe ya nchi yetu wenyewe, ya kijana wa rika lenu aliyejua fimbo ni nini.

Mwenye Heri Isidore Bakanja alizaliwa karibu mwaka 1885 katika nchi ya Ikweta, katika watu wa Boangi, ambao ni tawi mojawapo la Wamongo. Mwaka huohuo, mkutano wa Berlin ulipokwisha, Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, alijitwalia Kongo kuwa mali yake chini ya jina la Dola Huru. Tunaweza kusema kwamba mtoto huyu na dola hiyo walikuwa wa rika moja. Dola ilitangulia kufa. Tarehe 15 Novemba 1908 serikali ya Ubelgiji iliichukua Kongo mikononi mwa mfalme, kwa kuwa mataifa yalikuwa yamekwisha kusikia habari za vijiji vilivyochomwa na mikono iliyokatwa kwa ajili ya mpira. Ripoti ya konseli wa Uingereza, Roger Casement, ilikuwa imetolewa tangu mwaka 1904. Basi, bendera ikabadilishwa. Lakini katika vituo vilivyofichwa ndani ya msitu, wakubwa wa makampuni walikuwa walewale, na fimbo ilikuwa ileile. Bakanja alipigwa katika mwaka wa kwanza wa Kongo ya Ubelgiji, wakati magazeti ya Ulaya yalipokuwa yakisema kwamba mambo mabaya yamekwisha.

Alipokuwa kijana aliacha kijiji chake, akaenda kutafuta kazi Mbandaka, mji ambao Wabelgiji waliuita Coquilhatville. Huko akawa msaidizi wa waashi. Kazi ya msaidizi wa mwashi mnaijua: kubeba maji, kuchanganya udongo, kupeleka matofali, kuitwa na kila mtu. Huko ndiko alikokutana na Habari Njema, naye akaipokea kutoka kwa watu wa aina ya pekee kabisa.

Wamisionari wa Mbandaka walikuwa Watrapisti, yaani watawa wa kimya. Walitoka abasia ya Westmalle, karibu na Antwerpen, na mwaka 1895 walianzisha misheni ya Bamanya, si mbali na Mbandaka. Jambo hilo tulitazame kwa makini, maana ni la ajabu. Mtrapisti haweki nadhiri ili azunguke akihubiri. Huingia katika nyumba ya watawa ili akae humo mpaka kufa, akisali zaburi mchana na usiku, akilima kwa mikono yake, akiongea kidogo sana. Kuwatuma watu wa namna hiyo msituni wajenge shule, wafundishe wakatekumeni na kupanda mitumbwi kutoka kijiji hadi kijiji, ni kama kumwomba mvuvi achunge ng'ombe. Wao wenyewe waliliona tatizo hilo. Kwa miaka mingi walijadiliana kama mtawa wa kimya anaweza kuwa mmisionari pasipo kupoteza wito wake. Mwishowe, katika miaka ya 1920, waliondoka, na nafasi yao ikashikwa na Wamisionari wa Moyo Mtakatifu wa Yesu. Tusiwapake rangi ya malaika pia: walikuwa watu wa wakati wao, walikuja kwa mwaliko wa Leopold, na si kila walilolifanya tungelisifu leo. Lakini katika miaka ile michache walimfundisha Bakanja kusali, na walimfundisha kusali kama wao walivyojua.

Walijuaje? Kitabu kinachotawala maisha ya Watrapisti ni Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6. Sura ya 6 ya kanuni hiyo inahusu kimya. Sura ya 7, inayofuata mara moja, inahusu unyenyekevu, nayo ni mojawapo ya sura ndefu kuliko zote. Mpangilio huo si wa bahati. Kwa Benedikto, asiyeweza kufunga mdomo hawezi kuwa mnyenyekevu, kwa sababu mtu anayesema daima ni mtu anayejihesabu daima kuwa na la kusema. Anachora unyenyekevu kama ngazi ya Yakobo yenye vipandio 12, ngazi ya ajabu ambayo mtu huipanda kwa kushuka.

Nataka mkitazame kipandio cha kwanza tu. Mtu akiambiwa abuni kipandio cha kwanza cha unyenyekevu, pengine angesema: kumtii mkubwa. Au: kujiona si kitu. Benedikto hakuanza hivyo. Kipandio chake cha kwanza ni kukumbuka kila saa kwamba Mungu anakutazama, na kutosahau hilo kamwe. Utii kwa wakubwa unakuja baadaye, ukiwa umesimama juu ya msingi huo. Basi unyenyekevu hauanzii kwa mtu aliye juu yako kazini, shuleni au nyumbani. Unaanzia katika macho ya Mungu. Na anayeishi chini ya macho hayo anagundua jambo ambalo mabwana wa dunia hawapendi ligunduliwe: kwamba macho yao wao si ya mwisho. Ukiondoa kipandio hicho cha kwanza ukaacha vingine, unabaki na chombo cha kuwafanyia watu utumwa. Kijana anayeuliza lile swali letu ameonyeshwa ngazi iliyokatwa chini.

Tarehe 6 Mei 1906 Bakanja alibatizwa, akaitwa Isidore. Isidore msimamizi wake alikuwa mkulima wa Madrid, mtumishi katika shamba la mtu mwingine, ambaye mapokeo yanasema alishtakiwa na wenzake kwamba sala zake zinamchelewesha kazini. Jina lilimfaa kuliko mtu yeyote alivyoweza kujua siku ile. Tarehe 25 Novemba mwaka huohuo alipewa Kipaimara, na tarehe 8 Agosti 1907 alipokea Komunyo ya kwanza. Alivaa shingoni skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, na rozari ikawa mkononi mwake. Kwa vitu hivyo viwili ndivyo Mkristo alivyotambulika pande zile.

Skapulari ni nini? Wengi wetu tunaiona tarehe 16 Julai, vitambaa viwili vidogo vya rangi ya kahawia vilivyounganishwa kwa uzi, tukadhani ni aina ya dawa ya kujikinga. Asili yake ni nyingine. Katika sura ya 55 ya kanuni yake, anapoeleza nguo za mtawa, Benedikto anataja skapulari kuwa nguo ya kazi. Ilikuwa vazi la kuvaliwa juu ya kanzu mtawa anapolima au kuosha vyombo. Baadaye mashirika mengine ya watawa yaliichukua, Wakarmeli nao, na walei wakapewa ile ndogo iwe alama ya kuwa watoto wa nyumba moja. Kwa hiyo Bakanja, msaidizi wa waashi, alivaa shingoni kumbukumbu ya nguo ya kazi ya watumishi. Ni alama ya Mungu, na pia ni alama ya udongo. Ndiyo maana neno la Kilatini la unyenyekevu, humilitas, lina asili moja na neno humus, lililo udongo.

Mkataba wake wa kazi Mbandaka ulipokwisha alirudi kwao, kisha akaenda upande wa mto Busira kutafuta kazi nyingine. Akaajiriwa kuwa mtumishi wa nyumbani, boyi kama walivyosema, wa Mzungu mmoja wa kampuni ya biashara iliyoitwa Société Anonyme Belge, na mwishowe akafika naye kituo cha Ikili. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1888 nayo ilinunua mpira na pembe za ndovu katika Kongo ya juu. Mkubwa wa Ikili aliitwa Van Cauter. Wenyeji walimwita Longange.

Ikili hapakuwa na padri, wala kikanisa, wala Misa ya Dominika. Katika hali hiyo ndipo sala ya Bakanja inaonekana ilivyokuwa. Mtu anayesali kwa sababu kengele imelia na wenzake wamepiga magoti husimama pale kengele inapokoma. Bakanja alisali rozari yake peke yake, katika nafasi alizopata kati ya kazi na kazi. Rozari haihitaji kitabu, haihitaji taa, haihitaji sauti. Ni sala ya maskini wa wakati, yule ambaye siku yake ni mali ya mwingine. Wenzake walipomwuliza, aliwafundisha sala. Hakuwa na cheo chochote katika Kanisa na hakutumwa na mtu.

Longange alimkataza. Mashahidi waliohojiwa baadaye walieleza sababu yake: aliona kwamba sala zikienea kituoni, hakuna atakayetaka kufanya kazi tena. Tena aliwachukia mapadri, kwa sababu mapadri waliona yaliyofanywa na watu wa makampuni na waliweza kuyasema. Lakini tusimame kidogo juu ya sababu ile ya kwanza, maana ni ya kale kuliko Longange. Someni sura ya 5 ya kitabu cha Kutoka. Musa anaomba Waisraeli wapewe nafasi ya kwenda jangwani kumwabudu Mungu wao. Farao anajibu kwamba watu hao ni wavivu, na kwa hiyo waongezewe kazi, watengeneze matofali bila kupewa majani. Matofali tena, ndugu zangu! Farao alielewa vizuri, kama Longange alivyoelewa, kwamba mtumwa anayekaa dakika chache kimya mbele ya Mungu amekwisha kutoka, kwa dakika hizo, katika himaya ya bwana wake. Huwezi kumpigia hesabu. Huwezi kujua anasema nini. Mtu akipiga kelele unaweza kumjibu kwa kelele, lakini kimya cha mtu anayesali hakina pa kushikiwa.

Sasa tuangalie namna Bakanja alivyokataa, maana hapo pana somo kwa kila kikundi cha vijana.

Kazi yake hakuiacha. Hakuna mahali anaposhtakiwa kwamba alikuwa mtumishi mbaya. Longange alipomwamuru avue skapulari, hakuivua. Alipoona kwamba mkubwa huyo amemkusudia mabaya, aliomba ruhusa ya kurudi kwao. Ombi hilo ni la maana, ingawa wasimulizi wengi hulipita haraka. Bakanja hakutafuta kufa, wala hakuhesabu mateso kuwa tamu. Alijaribu kuondoka kwa njia ya haki, kama mfanyakazi anayeaga, naye akanyimwa ruhusa. Kwa hiyo wale wanaomhubiri kama mfano wa mtu wa kuvumilia kila kitu kwa mikono iliyofungwa, nadhani hawakumsoma vizuri. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba anayepigwa asitafute mlango.

Siku moja ya mwaka 1909 Longange aling'oa skapulari ile shingoni mwake, akaamuru achapwe. Fimbo ilikuwa ya ngozi ya tembo, na misumari ilikuwa imetiwa mwishoni mwake. Mapigo yalizidi 100. Sitaeleza zaidi. Mgongo ulikuwa jeraha moja, naye akafungwa minyororo. Kisha habari zikaja kwamba mkaguzi wa kampuni anakaribia, na Longange akaamuru Bakanja apelekwe mbali asionekane. Bakanja hakuweza kutembea mwendo huo. Akajificha msituni, na mkaguzi, aitwaye Dörpinghaus, alipopita, akajitokeza mbele yake. Mkaguzi alishuhudia baadaye jinsi alivyoshtuka kwa kuuona mgongo ule. Alimchukua akamtunza, akitumaini kwamba atapona. Lakini vidonda vilikuwa vimeingia mpaka ndani, na kuoza kulikuwa kumeanza.

Hapo tena napenda tusimame. Kujitokeza kutoka msituni mbele ya mkaguzi ni tendo la nani? La mtu anayeona aibu? La mtu aliyefundishwa kwamba unyenyekevu ni kuficha maovu ya wakubwa? Longange alitaka jeraha lifichwe. Bakanja alilileta barabarani. Na alipoona kwamba kifo kinakaribia aliomba walio karibu naye wapeleke habari kwa watu watatu: kwa mama yake kama wakimwona, kwa hakimu kama wakifika kwake, na kwa padri kama wakikutana naye. Wote watatu waambiwe jambo moja, kwamba anakufa kwa sababu yeye ni Mkristo. Mama, hakimu, padri. Katika orodha hiyo fupi kuna upendo, kuna haki na kuna imani, na hakuna hata kimoja kilichofanywa kumeza kingine. Kuna watu siku hizi wanaosema kwamba Mkristo akisamehe, basi hakimu hana kazi tena. Bakanja hakujua mafundisho hayo.

Tarehe 24 na 25 Julai 1909 mapadri wawili Watrapisti walifika kumwona, wakampa sakramenti za wagonjwa. Walimwomba amsamehe aliyemfanyia hivyo. Akawajibu kwamba hana hasira naye, kwamba kupigwa ni jambo la Mzungu mwenyewe na yeye ndiye anayepaswa kujua alilolifanya, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Jibu hili limenukuliwa mara nyingi katika mahubiri, na kwa haki. Ila angalieni: yule aliyemtaja hakimu katika ujumbe wake ndiye huyuhuyu aliyesamehe. Hakusamehe kwa kusema kwamba hakuna kilichotokea. Alisema kwamba mwenye kosa anajua kosa lake, kisha akamweka mtu huyo katika sala zake.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Watu wengi wakiteswa hivyo hufanya moja kati ya mawili: ama wanavunjika na kuamini kwamba kweli wao si kitu, ama wanajaa chuki mpaka wanafanana na waliowatesa. Zote mbili zinaeleweka, hatupaswi kuzicheka. Bakanja hakufanya hata moja, na sioni maelezo mengine isipokuwa zile saa za kimya. Mtu aliyekaa kila siku chini ya macho ya Mungu alijua thamani yake kabla Longange hajampigia bei. Ndipo fimbo ilipofika haikumkuta akiwa na haja ya kumthibitishia mtu yeyote kwamba yeye ni mtu. Bwana wetu mwenyewe alifanya hivyo. Marko anatuambia katika sura ya kwanza kwamba aliondoka kabla ya mapambazuko, akaenda mahali pasipo watu, akasali. Na Yohane, katika sura ya 18, anatuonyesha Yesu huyohuyo amefungwa mbele ya kuhani mkuu: mtumishi mmoja anampiga kofi, naye anamwuliza kama amesema vibaya aonyeshe ubaya huo, na kama amesema vyema, mbona anampiga? Ndiye aliyejinyenyekeza hata mauti ya msalaba, na bado aliuliza sababu ya kofi.

Miaka 55 baada ya Bakanja, katika Kongo ya Mashariki-Kaskazini, Mwenye Heri Marie-Clémentine Anuarite alipita njia iliyo jirani na hiyo. Alikuwa mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Kazi zake zilikuwa za watu wasioonekana: sakristia, jikoni, kusaidia darasani. Usiku wa tarehe 1 Desemba 1964, mjini Isiro, wakati wa vita ya Wasimba, alimkataa afisa aliyetaka kumfanya mke wake kwa nguvu, akauawa akimsamehe. Alikuwa na miaka 24, na Bakanja naye alikuwa na umri wa karibu huo. Wote wawili walikuwa watu wa kazi ndogo, na wote wawili walijua kusema hapana. Sidhani kwamba hapana ya namna hiyo inaweza kutengenezwa papo hapo, mbele ya bunduki au fimbo. Ilikuwa imekwisha kusemwa zamani, jikoni na sakristiani, kidogo kidogo.

Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Bakanja kuwa Mwenye Heri huko Roma tarehe 24 Aprili 1994, pamoja na mama wawili Waitalia, Gianna Beretta Molla na Elisabetta Canori Mora. Walei watatu, hakuna padri wala mtawa kati yao. Maaskofu wa Afrika walikuwa Roma kwa Sinodi yao, iliyofunguliwa tarehe 10 Aprili. Wazee wenu wa Goma na Bukavu hawana haja ya kuambiwa jambo gani lilikuwa likitendeka Rwanda majuma yaleyale, wala jinsi mwezi wa Julai barabara zetu zilivyojaa wakimbizi. Siku ile kijana Mwafrika aliyeuawa pasipo kuchukia aliinuliwa mbele ya Kanisa zima, huku Wakristo waliobatizwa katika Kanisa hilohilo wakiwaua jirani zao kwa mapanga. Makanisa yalikuwa yamejaa watu, nyimbo zilikuwa nyingi. Ilikosekana sehemu fulani iliyo kimya ndani ya mtu, ambapo amri ya mkubwa haifiki.

Nayataja haya kwa sababu sala zetu sisi zina kelele. Sisemi kwamba ngoma na nyimbo ni vibaya. Zaburi zenyewe zinaamuru matoazi. Lakini angalieni mikesha yetu. Kipaza sauti kinawaka saa mbili za usiku na kuzimwa alfajiri, na katikati hamna hata dakika tano ambapo mtu anaweza kusikia moyo wake. Baada ya Komunyo, kwaya huanza mara moja, kana kwamba kimya ni shimo ambalo mtu anaweza kutumbukia. Katika mafungo ya vijana, simu hutetemeka mfukoni wakati wa kuabudu. Na yule anayeongoza sala kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye tunayemchagua kuwa rais wa kikundi. Kuna kijana mwingine, nyuma kabisa, anayefagia kanisa Jumamosi na kukaa kidogo mbele ya tabernakulo kabla ya kufunga mlango. Jina lake halimo katika orodha ya wagombea. Kuna kijana anayeuza dukani kwa mtu asiyetaka kusikia habari za Dominika, naye anasali rozari kwa vidole chini ya meza. Hawa wawili wako karibu na Ikili kuliko sisi tunaoandika juu ya Ikili.

Kinachobaki ni siku ya mwisho, nayo ilikuwa Dominika, tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Wakristo waliokuwa mahali pale walikusanyika kusali, na mgonjwa alikuwa pamoja nao. Kisha, kwa mshangao wa wote, kwa maana kwa muda mrefu hakuweza kusimama, Bakanja aliinuka. Akachukua rozari yake, akatembea polepole, hasemi neno, akaingia katika shamba la migomba. Hakuna aliyemfuata. Alikaa huko kitambo, kisha akarudi, akala, akajilaza. Alifariki siku hiyohiyo, rozari ikiwa mkononi na skapulari shingoni.